Reli Nyepesi, Injini Nzito: Kisa cha Dizeli ya Kiingereza na Njia ya Tanga

Ndugu wasikilizaji, wiki hii tuzungumze habari za mashine. Najua wapo watakaosema kwamba mashine ni mambo ya mafundi, na kwamba raia wa kawaida hujali tu kama treni imefika au haikufika. Lakini mashine ninayokusudia kuieleza inatuhusu sote tunaoishi kati ya Tanga na Moshi, kwa sababu historia yake inaonyesha jinsi uamuzi uliofanywa na watu wa kizazi kimoja unavyoweza kuwafunga mikono watu wa vizazi vitatu vinavyofuata.

Huko Uingereza ipo injini ya dizeli iitwayo klasi ya 37. Zilitengenezwa 309 kati ya mwaka 1960 na 1965. Zilivuta makaa ya mawe katika mabonde ya Wales, zikavuta mafuta, mawe, saruji na abiria pia. Madini ya chuma kutoka bandari ya Port Talbot kwenda kiwanda cha Llanwern yalivutwa na injini tatu za aina hiyo zilizofungwa pamoja, na treni hizo zilikuwa miongoni mwa treni nzito kuliko zote nchini humo. Katika miaka ya 1980 baadhi yake ziliongezewa uzito makusudi ili zifae zaidi kwa mizigo mizito. Chache zinafanya kazi mpaka leo, zaidi ya miaka 60 tangu zizaliwe, na ile ya kwanza kabisa imewekwa miongoni mwa hazina za reli za taifa hilo.

Lisilojulikana na wengi ni kwamba injini hiyo, ambayo Waingereza wanaionea fahari, ina ndugu yake wa Afrika Mashariki, na ndugu huyo ndiye aliyetangulia. Shirika la Reli la Uingereza lilipotaka injini ya nguvu ya wastani kwa ajili ya mizigo, kampuni ya English Electric ililiuzia mchoro uliofanana kwa sehemu kubwa na ule iliokuwa imeuandaa kwa ajili ya Reli na Bandari za Afrika Mashariki. Tarehe 27 Januari 1959 Waingereza wakaagiza injini 42 kwa mkupuo, bila hata kutengeneza moja ya majaribio kama ilivyokuwa desturi. Wahenga walisema, ukiona vyaelea vimeundwa. Na mahali hapa pa kuundia, mahitaji ya reli yetu yalikuwa na sehemu yake.

Sasa swali ni hili: ikiwa dizeli hii iliundwa kwa ajili yetu, mbona haikuwa yetu sisi watu wa njia ya Tanga? Ili kulijibu, hatuna budi kurudi nyuma kidogo.

Reli ya Tanga ndiyo reli ya kwanza kujengwa katika nchi ambayo leo tunaiita Tanzania Bara. Kampuni ya Kijerumani ilianza kuijenga mwaka 1893, na mwaka 1896 ikafika Muheza, mwendo wa kilomita 40 hivi. Fedha zikaisha, kazi ikalala, na mwaka 1899 serikali ya Kijerumani ikalazimika kuichukua. Korogwe ilifikiwa mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, na Moshi mwaka 1911. Jumla ya kilomita 352 zikawa zimetandikwa kwa muda wa miaka 18. Arusha ilikuja kufikiwa mwaka 1929, wakati wa Waingereza.

Ilikuwa ni reli ya mashamba. Mwaka ule ule wa 1893, miche ya kwanza ya mkonge iliyoletwa na Dakta Richard Hindorf ilipandwa katika pwani hii, na ni miche 62 tu iliyosalimika katika safari yake ndefu. Kutokana na miche hiyo ukazaliwa ule msitu wa mkonge uliotandaa kuanzia Muheza hadi Korogwe na kuendelea mpaka Mombo. Mjerumani alitaka reli ya kubebea singa, kahawa na mbao, kwa gharama ndogo iwezekanavyo. Kwa hiyo alichagua upana wa mita moja, akachagua reli nyepesi, akaizungusha njia kwenye kona kali kandokando ya milima ya Usambara na Upare badala ya kupasua na kufukia. Wakati ule hakukosea. Injini zake zilikuwa ndogo, na mzigo wake ulikuwa mdogo. Hata mwezi Novemba 1914, Waingereza waliposhuka Tanga na askari wao kutoka India, ilikuwa reli hiyo hiyo nyepesi iliyowateremsha askari wa Kijerumani kutoka Moshi kwa wakati na kuyageuza mapigano.

Lakini reli, ndugu wasikilizaji, ina sheria moja isiyo na huruma. Uzito wa injini hushuka kwenye reli kupitia ekseli zake, yaani ile mihimili inayoshika magurudumu mawili mawili. Kila reli ina kiwango cha tani ambazo ekseli moja inaruhusiwa kuzibeba. Ukizidisha, reli hupinda, mataruma hupasuka na madaraja hutikisika. Na injini nyepesi nayo ina kasoro yake: magurudumu yake huteleza, kwa sababu ni uzito unaoyafanya yashike reli. Hivyo reli nyepesi humaanisha injini nyepesi, injini nyepesi humaanisha treni fupi, na treni fupi humaanisha nauli ghali kwa kila tani.

Tazama jinsi sheria hiyo ilivyofanya kazi. Baada ya Reli za Tanganyika kuunganishwa na zile za Kenya na Uganda mwaka 1948, shirika jipya liliagiza injini nyingi za mvuke kutoka viwanda vya Uingereza. Kubwa kuliko zote zilikuwa zile 34 za klasi ya 59, zilizojengwa na Beyer, Peacock wa Manchester mwaka 1955 na 1956. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 252, na hapakuwa na injini ya mvuke nzito kuliko hizo katika reli yoyote ya mita moja duniani. Zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Moja iliitwa Mlima Shengena. Naam, Shengena hii hii ya Upareni, ambayo abiria wa treni ya Tanga hupita chini ya safu yake karibu na Same. Lakini injini yenye jina hilo haikuwa na nafasi ya kupita hapo. Ekseli zake zilibeba tani 21, na njia ya Tanga isingeweza kuustahimili uzito huo. Mlima Shengena ilifanya kazi katika njia ya Mombasa na Nairobi, ambako reli nzito zilikwisha kutandikwa, na leo imesimama katika makumbusho ya reli ya Nairobi.

Njia nyepesi zikapewa injini za kimo chao. Miongoni mwake ni klasi ya 31, ambazo zilijengwa 46 katika miaka hiyo hiyo ya 1955 na 1956, na kupewa majina ya makabila yetu. Hizo zilijengwa katika kiwanda cha Vulcan Foundry, katika mji mdogo wa Newton-le-Willows, kando ya reli ya Liverpool na Manchester. Kiwanda hicho kilikuwa kikongwe, cha tangu miaka ya 1830, na mmoja wa waasisi wake alikuwa Robert Stephenson, yule bingwa wa mwanzo kabisa wa injini za reli. Mwaka 1955 kikanunuliwa na English Electric. Likumbuke jina la kiwanda hicho, kwa maana miaka minne au mitano baadaye ndicho kilichotoa injini za dizeli za Afrika Mashariki. Mtoto wa mwisho wa mvuke na mtoto wa kwanza wa dizeli walitoka chini ya paa moja.

Kwa nini dizeli? Sababu zilikuwa tatu. Ya kwanza ni maji. Injini ya mvuke hunywa maji kama ngamia aliyetoka jangwani, na nyika ya Taru kati ya Mombasa na Voi haina maji. Ya pili ni mafuta. Injini ya mvuke hupoteza zaidi ya sehemu tisa katika kumi za joto inalolizalisha, ilhali dizeli hugeuza robo ya joto lake au zaidi kuwa kazi. Ya tatu ni muda. Mvuke hutaka saa nyingi za kuwasha moto, kuosha boila na kuondoa majivu au masizi, na kila injini hutaka dereva na msaidizi wake wa moto. Dizeli huwashwa ikaondoka, na dereva mmoja anaweza kuziongoza mbili au tatu zilizofungwa pamoja. Shirika lilikuwa na mchoro wa injini ya mvuke kubwa zaidi hata ya klasi ya 59, iliyokusudiwa kuitwa klasi ya 61. Haikujengwa kamwe. Zama za mvuke zilikuwa zimekwisha.

Hapa ndipo penye ufundi wa kusifiwa. Mashine yenyewe ilikuwa na silinda 12 zilizopangwa kwa umbo la herufi V, na pampu ya kusukumia hewa ndani ya silinda, kitu muhimu sana katika nchi ambayo reli hupanda kutoka usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 2,700 huko Timboroa, ambako hewa ni nyembamba. Mashine hiyo haizungushi magurudumu moja kwa moja. Huzungusha jenereta, jenereta hutoa umeme, na umeme hupelekwa kwenye mota zilizofungwa kwenye ekseli. Ni kama kituo kidogo cha umeme kinachotembea juu ya reli.

Mashine nzito ya namna hiyo ungeiwekaje juu ya reli za Afrika Mashariki? Wahandisi waliongeza ekseli. Injini yetu, iliyoitwa klasi ya 90 na baadaye klasi ya 87, ilipewa ekseli nane: sita zenye mota, na mbili za kuongoza, moja kila mwisho, zisizo na mota, ambazo kazi yake ni kusaidia kubeba mzigo na kuipeleka injini vizuri kwenye kona. Uzito wote ulikuwa karibu tani 100. Gawanya kwa nane, utaona kwamba kila ekseli ilibeba wastani wa tani 12 na nusu. Waingereza walipoichukua mashine ya namna hiyo hiyo kwa matumizi yao, hawakuhitaji ekseli zile mbili za ziada. Reli zao zilikuwa nene. Waliiweka juu ya ekseli sita tu, tani 17 na ushei kwa kila moja, na ndiyo ikawa klasi ya 37. Moyo ni ule ule, nguvu karibu zile zile, farasi 1,840 kwetu na 1,750 kwao. Tofauti ilikuwa miguu.

Injini za kwanza za klasi ya 90 ziliingia kazini mwaka 1960, na kwa miaka iliyofuata zikaongezwa mpaka zikazidi 40. Mwaka huo huo wa 1960, wafanyakazi wa reli wa Tanganyika, wakiongozwa na chama chao ambacho katibu wake alikuwa Kasanga Tumbo, waligoma kwa karibu miezi mitatu wakidai mishahara ya haki. Ni vyema tukumbuke mambo haya mawili pamoja. Wakati mabwana wa shirika walipokuwa wakilipia mashine mpya zitakazopunguza idadi ya watu, watu wenyewe walikuwa nje ya lango wakidai kutambuliwa. Sisemi kwamba moja lilisababisha lingine. Nasema kwamba kila mashine mpya ina watu wawili: anayeingia nayo na anayetolewa nayo, na historia hupenda kuandika habari za mmoja tu.

Na dizeli hizo zilipelekwa wapi? Zilifuata tani. Kulikuwa na pamba na kahawa ya Uganda, kulikuwa na shaba ya Kilembe iliyoanza kusafirishwa baada ya reli kufika Kasese mwaka 1956, kulikuwa na bidhaa zote za kuagizwa zilizopandishwa kutoka Mombasa. Makao makuu ya shirika yalikuwa Nairobi na karakana kuu ilikuwa Nairobi. Njia ya Tanga ilikuwa na mkonge, na kwa kweli mkonge haukuwa haba. Mwaka 1964 Tanganyika ilitoa tani zipatazo 230,000, na hakuna nchi iliyoishinda duniani. Lakini mwendo wa kutoka mashambani hadi gatini ulikuwa mfupi, treni zilikuwa ndogo, na meli hazikufunga gati bali zilipakiwa kwa matishari. Zaidi ya hayo, tangu Waingereza walipoiunganisha Kahe na Voi wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kahawa ya Kilimanjaro ilipata mlango wa pili wa kutokea, nao ni Mombasa. Mhasibu aliyekaa Nairobi na kitabu chake cha hesabu hakuona sababu ya kuipa Tanga mashine ya bei ghali.

Mtu anaweza kusema huo ulikuwa upendeleo wa kikoloni. Ulikuwapo, wala hatuwezi kuuficha. Hata hivyo, Mgala muue na haki yake mpe. Hata kama mhasibu yule angekuwa mzaliwa wa Chumbageni, angeikuta sheria ile ile ya ekseli ikimngoja. Kuleta injini nzito kungetaka kwanza kubadilisha reli, mataruma na madaraja kwa mamia ya kilomita. Yule Mjerumani aliyechagua reli nyepesi mwaka 1893 alikuwa amekwisha kufa, lakini uamuzi wake ulikuwa bado uko kazini.

Baada ya Uhuru jambo moja kubwa lilifanyika. Mwaka 1963 ilifunguliwa reli ya kilomita 188 kati ya Ruvu na Mnyusi, na kwa mara ya kwanza njia ya Tanga ikaungana na Reli ya Kati. Kabla ya hapo, behewa la Korogwe halikuweza kufika Dar es Salaam kwa reli. Kuanzia hapo Tanga haikuwa tena kisiwa.

Kisha yakaja mambo mawili yaliyoivunja mgongo. Kamba za plastiki ziliingia sokoni, bei ya mkonge ikaanguka, na kufikia mwaka 1990 mavuno ya nchi hayakufika hata sehemu moja ya tano ya yale ya 1964. Na mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, njia ya Voi ikakatika, na mali za shirika zikagawanywa. Zile dizeli za Kiingereza zikabaki kwa Shirika la Reli la Kenya. Tanzania ikabaki na dizeli zilizotoka Montreal huko Kanada, zilizokuwa zimenunuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, kisha ikaongeza za India na za Ujerumani Magharibi. Injini za mvuke nazo hazikuondoka mara moja.

Fikiria kazi ya fundi wa karakana katika hali hiyo. Kila taifa lilikuja na nati zake, vipimo vyake na vitabu vyake vya lugha yake. Spea ya Kanada haiingii katika mashine ya Kijerumani. Tena viwanda vilivyojenga mvuke wetu vilikuwa vimekufa: North British wa Glasgow walifilisika mwaka 1962, na Beyer, Peacock wakafunga milango mwaka 1966. English Electric yenyewe ilimezwa na kampuni ya GEC mwaka 1968. Waingereza waliweza kuzitunza klasi ya 37 kwa miaka 60 kwa sababu walikuwa nazo mia tatu za aina moja, wakawa na bohari za vipuri na mafundi wanaozijua kama vidole vyao. Injini hudumu kwa matunzo zaidi kuliko kwa upya wake.

Njia ya Tanga iliendelea kudhoofika. Katikati ya miaka ya 1990 treni za abiria zilikoma, na baadaye hata za mizigo. Majani yakaota katikati ya mataruma, na mizigo yote ikahamia kwenye malori ya barabara ya Segera. Mwaka 2019 njia ikafufuliwa: mwezi Julai treni za mizigo zilirudi kati ya Tanga na Moshi, saruji ya Tanga ikiwa miongoni mwa mizigo ya kwanza, na mwezi Desemba treni ya abiria ikatoka Dar es Salaam hadi Moshi. Arusha ilifuata mwaka 2020. Wananchi walijipanga kandokando ya stesheni kuitazama, na furaha yao ilikuwa ya haki kabisa.

Kwa nini basi nimewachosha leo na habari za ekseli? Kwa sababu wakati wa kuamua umetufikia tena. Bandari ya Tanga imechimbwa kina, na gati lake limefikia mita 13, kwa hiyo meli zinaweza kufunga bila kungoja matishari. Katika Reli ya Kati, treni za umeme zilianza kubeba abiria mwaka 2024 juu ya reli mpya ambazo zimesanifiwa kubeba tani 35 kwa ekseli moja. Njia ya Tanga bado inatembea juu ya upana ule ule wa mita moja uliochaguliwa zaidi ya miaka 130 iliyopita. Mpango wa kujenga reli ya kisasa kutoka Tanga kupita Arusha mpaka Musoma umezungumzwa kwa miaka mingi.

Mara nyingi tunaposikia habari za reli, swali letu la kwanza huwa ni injini: ni mpya? ni ya nchi gani? inakimbia kiasi gani? Viongozi nao hupenda kupigwa picha karibu na injini, wala sijaona aliyepigwa picha karibu na taruma. Kisa cha klasi ya 90 kinatufundisha kuuliza swali tofauti. Injini ile ilikuwa nzuri, iliundwa kwa ajili ya nchi zetu, na Waingereza wakaiiga. Lakini njia ya Tanga haikuipata, na sababu mojawapo kubwa ilikuwa chini ya magurudumu, si juu yake. Kwa hiyo siku mheshimiwa atakapokuja kutueleza habari za treni mpya ya Tanga, mzee wa Pongwe, mama muuza machungwa wa Muheza na kijana wa bandarini wamwulize kwa heshima zote: reli hiyo, mheshimiwa, itabeba tani ngapi kwa ekseli? Jibu la swali hilo ndilo litakalowaambia wajukuu wao watasafirisha nini, na kwa bei gani.

Kwa leo tuishie hapo, ndugu wasikilizaji. Tukijaliwa, tukutane wiki ijayo.